Panya wa Kufuga Nairobi: Chagua kwa Kuangalia Nyumba, Si Picha

Nairobi ukisema unafuga panya, watu hukuangalia mara mbili. Hapa panya ni yule anayetoboa gunia la mahindi, yule ambaye wachuuzi humtangazia vita kwa kipaza sauti mtaani tangu asubuhi: "panya, mende, kunguni!" Panya wa kufuga ni wa jamii hiyohiyo, panya wa kahawia, Rattus norvegicus, ila yeye amezaliwa mikononi mwa watu kizazi baada ya kizazi. London ya karne ya 19 alikuwako mkamata panya aliyeitwa Jack Black, ambaye aliwatenga wale wenye rangi zisizo za kawaida, akawazalisha na kuwauza wafugwe. Mwaka 1901 Mary Douglas akafanya panya wakubaliwe katika maonyesho ya wanyama huko Aylesbury, Uingereza. Upande wa pili wapo panya weupe wa maabara. Hao nao walipitia uzalishaji wa kuchagua wapole, maana mtafiti hataki kuumwa kidole kila siku.

Kila anayetaka kuanza huuliza kwanza rangi na manyoya. Mimi naona hilo liwe swali la mwisho au karibu na mwisho. Baridi ya Julai, bati la paa, paka wa jirani, sumu kwenye ngazi na saa unayofika nyumbani vinaamua aina ya panya inayokufaa kuliko picha yoyote ya simu.

Kwanza, nyumba na majirani

Panya huishi miaka 2 hadi 3. Si mrefu, lakini Nairobi mtu anaweza kuhama nyumba mara kadhaa katika muda huo, kwa hiyo jiulize kama mwenye nyumba ajaye naye atakubali.

Zungumza na msimamizi wa ploti kabla hujaleta mnyama. Mzee mmoja wa ploti aliniuliza swali ambalo sijasikia bora yake: "Sasa kijana, hao wakitoka, nani atajua ni wako?" Kwenye ngazi yenye giza, saa tatu usiku, jirani hatasimama kumchunguza. Atachukua ufagio. Swali hilo litarudi tukifika kwenye rangi.

La pili la kumwomba msimamizi ni akujulishe kila anapoweka sumu ya panya au kupuliza dawa ya kunguni. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na dalili huchelewa siku kadhaa. Panya anaweza kula leo akaonekana mzima, kisha baada ya siku tatu akaanza kuvuja damu puani. Tiba ipo, vitamini K kwa mkono wa daktari, ila mpaka ujue kwamba alikula.

Kama unafanya kazi mjini na jamu ya Barabara ya Thika hukufikisha nyumbani saa mbili usiku, usivunjike moyo. Panya huchangamka jioni na usiku. Mchana, wewe ukiwa kazini, wao wamelala. Ni mnyama anayefuata ratiba ya mwajiriwa kuliko mbwa.

Pili, wawe wawili au zaidi, wa jinsia moja

Panya mmoja peke yake hudhoofika. Panya hulala marundo, husafishana manyoya, hucheza mieleka, na mambo hayo huwezi kumfanyia wewe hata ukiwa nyumbani siku nzima. Chukua wawili au watatu waliozaliwa pamoja.

Wa jinsia moja, tafadhali. Jike hupata joto kila baada ya siku 4 au 5, hubeba mimba siku 21 hadi 23, na anaweza kuzaa watoto 8 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Ndani ya saa 24 baada ya kuzaa anaweza kushika mimba nyingine. Watoto nao huweza kuzaa kuanzia wiki ya 5 hivi, kwa hiyo madume na majike hutenganishwa mapema. Muuzaji akikwambia "hao ni madume tupu, bosi," hakikisha mwenyewe. Dume wa wiki 5 ana korodani unazoziona ukimwinua mkia kidogo, ingawa anaweza kuzivuta ndani akiogopa. Jike ana chuchu 12 tumboni, na nafasi kati ya tundu la mkojo na la haja kubwa ni fupi.

Madume ni wakubwa, nusu kilo au zaidi, wavivu kidogo, hupenda kukaa mapajani, na huacha matone ya mkojo kila wanapopita. Majike ni wepesi, gramu 250 hadi 350, hawatulii, na wanapenda kupanda kila kitu. Mwenye watoto wadogo nyumbani huwa namshauri madume. Mwenye nyumba ya chumba kimoja anayechukia harufu achukue majike.

Tatu, aina

Aina zote hizi ni spishi moja. Panya wenye masikio makubwa na panya wa manyoya ya mawimbi hawatofautiani kama mbwa wakubwa na wadogo wanavyotofautiana. Tofauti ni rangi, michoro, manyoya, masikio na mkia, basi.

Tuanze na rangi, na swali la yule mzee. Ipo rangi ya asili, ambapo kila unywele una mistari ya kahawia na nyeusi. Ni nzuri sana machoni, na Ulaya wengi huipenda. Kwa ploti ya Nairobi ndiyo rangi ya mwisho ambayo ningechukua, kwa sababu akitoka nje hakuna dalili hata moja ya kumtofautisha na yule wa kwenye mtaro. Chukua rangi ambayo jirani akiiona atashtuka na kuuliza. Wenye kofia ndio bora kwa hilo: kichwa na mabega ni rangi moja, nyeusi au kijivu, kisha mwili mweupe wenye mstari mmoja unaoshuka uti wa mgongo hadi mkiani. Hakuna panya wa mtaroni aliyevaa hivyo.

Weupe wenye macho mekundu ndio asili ya maabara. Wistar, ukoo wa panya weupe uliotokana na taasisi ya jina hilo huko Philadelphia, Marekani, ulianza mwaka 1906 na umesambaa duniani kote. Ni wapole mno. Tatizo ni macho: hayana rangi ya kuzuia mwanga, kwa hiyo huona vibaya na mwanga mkali huyaharibu zaidi. Utamwona akiyumbisha kichwa kushoto na kulia akikutazama. Anapima umbali, si ugonjwa. Kama dirisha lako moja tu linapigwa na jua la asubuhi na kizimba hakina mahali pengine pa kukaa, chagua wenye macho meusi.

Wapo wa rangi ya Siamu, mwili wa krimu na pua, masikio, miguu na mkia vya kahawia iliyokolea. Rangi hiyo hutengenezwa na kimeng'enya kinachofanya kazi mahali penye baridi, ndiyo maana ncha za mwili ndizo zenye giza. Mfugaji wa Nairobi anaweza kuona mnyama wake akikolea rangi kipindi cha baridi, na hilo halina shida yoyote.

Epuka panya mwenye weupe mwingi usoni kama hujui ukoo wake. Baadhi ya koo za weupe wa namna hiyo hubeba kasoro ya utumbo mpana: neva za utumbo hazikukamilika, kinyesi hujaa, na mtoto hufa karibu na wakati wa kuachishwa ziwa.

Manyoya sasa. Ya kawaida, laini na yaliyolala, hayana masharti. Reksi wana manyoya ya mawimbi na masharubu yaliyojikunja. Hupatikana kwa nakala moja ya jeni kutoka kwa mzazi mmoja. Akipata nakala mbili, mtoto hupoteza manyoya mabakamabaka. Anayezalisha reksi kwa reksi na kukuuzia "aina mpya adimu" yenye upara, amekuuzia ajali ya hesabu.

Wasio na manyoya kabisa ndio wanaopendwa na wenye mzio wa manyoya. Niwe mkweli: kwa Nairobi siwapendekezi kwa anayeanza. Jiji liko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Panya hujisikia vizuri kati ya 18 na 24. Asiye na manyoya hutumia chakula chake chote kujipasha moto, ngozi yake hukwaruzika kwa kila kucha ya mwenzake, na hata kope zake mara nyingi ni fupi, hivyo macho hupata vumbi. Na mzio mara nyingi hutoka kwenye mkojo na mate, si kwenye unywele, kwa hiyo huenda ukanunua shida bila kupata nafuu.

Dumbo ni masikio tu: ya mviringo, yaliyoshuka pembeni mwa kichwa. Jeni hiyo hujitokeza endapo wazazi wote wawili wanayo. Hakuna matunzo ya ziada. Wengine husema dumbo ni wapole kuliko wengine. Upole hutoka kwa wazazi na kwa mkono uliowalea, si kwenye sikio.

Wasio na mkia usiwachukue. Mkia ndio kiyoyozi cha panya, humwaga joto na humsaidia kusimama, na kasoro inayoufuta huweza kugusa uti wa mgongo na nyonga.

Na panya buku, yule mkubwa mwenye mifuko ya mashavuni? Sifa zake zinatoka Morogoro, Tanzania, ambako shirika la APOPO huwafundisha kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, mmoja wao, alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020. Ni spishi tofauti kabisa, na ni mnyamapori. Kumtega porini na kumweka sebuleni ni kukaribisha magonjwa na kesi ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Vivyo hivyo mtoto wa panya uliyemkuta darini: muache, au muite anayejua, lakini usimchanganye na wako.

Nne, siku ya kununua

Picha nyingi za matangazo ya mtandaoni zimechukuliwa nchi nyingine. Usitume pesa kwa M-Pesa kwa panya ambaye hujamwona. Ukifika, usimtazame yeye kwanza, tazama wenzake wote kwenye kizimba. Mmoja akipiga chafya mfululizo, huenda wote wameathirika.

Kisha mshike. Mlete karibu na sikio lako na usikilize pumzi: iwe kimya. Ukisikia kama karatasi inayokunjwa au filimbi ndogo, mrudishe. Angalia macho na pua kama pana ukoko mwekundu. Si damu, ni majimaji ya tezi ya jicho yanayotoka mnyama akiwa na mfadhaiko au mgonjwa. Kidogo asubuhi ni kawaida, mengi siyo. Pua safi, manyoya yamelala, chini ya mkia pakavu. Meno ya mbele yakiwa ya njano usidhani ni uchafu. Meno ya panya mzima ndivyo yalivyo.

Mwisho weka mkono ndani, tulia. Anayekuja kunusa ndiye wako. Umri mzuri ni wiki 6 hadi 8.

Wapya wakija nyumbani kwenye wenyeji, wakae chumba tofauti angalau wiki mbili, na nawa mikono katikati.

Tano, kizimba

Fundi wa jua kali, Kamukunji au popote mtaani kwako, atakutengenezea kizimba kwa bei nafuu kuliko duka, na kitakuwa imara zaidi. Mpe vipimo: sentimita 80 kwa 50 kwa 80 kwenda juu kinatosha panya watatu kwa raha. Wavu uwe wa matundu ya nusu inchi. Usikubali waya wa kuku. Panya hukata, na majike wachanga hupita. Mwambie mlango uwe mpana kiasi cha kuingiza mikono miwili, la sivyo utajuta kila ukisafisha. Ghorofa mbili au tatu, na sakafu za mbao au plastiki, kwa sababu wavu mtupu huumiza nyayo.

Kosa la kawaida ni matandiko. Watu hukimbilia kwa seremala kuomba maranda ya bure. Samani nyingi hapa hutengenezwa kwa saiprasi na paini, na ile harufu nzuri unayoisikia karakanani ni kemikali zinazowasha mapafu ya panya. Mapafu ndiyo sehemu dhaifu zaidi ya mwili wake. Tumia magazeti yaliyochanwa, maboksi ya katoni, na vipande vya blanketi la flisi kutoka soko la Gikomba au Toi, vilivyofuliwa kwa sabuni isiyo na manukato makali. Flisi haitoi nyuzi ndefu za kunasa mguu.

Sehemu yenye mkojo ifutwe kila siku, kizimba kizima kila wiki, lakini kila mara bakisha kitambaa kimoja chenye harufu yao. Ukifuta kila kitu, usiku huohuo wataanza kukojolea upya kila kona ili nyumba iwe yao tena.

Kiweke mbali na jiko la mkaa, mafuta ya taa na koili ya mbu. Nyumba ya mabati huwa tanuri Februari mchana. Joto likizidi nyuzi 30, panya hana jasho la kumpoza: weka chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa, mloweshe mkia. Julai geuza, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na flisi nyingi.

Nyaya za chaja na intaneti zipitishe ndani ya bomba la plastiki. Hili halihitaji maelezo.

Sita, chakula

Panya mzima hula gramu 15 hadi 20 za chakula kikavu kwa siku. Ukipata tembe zilizotengenezwa kwa panya wa maabara, hizo ndizo msingi. Chakula cha sungura kina nyuzinyuzi nyingi mno, na cha kuku wa mayai kimejaa kalsiamu.

Usipopata, mchanganyiko wa nyumbani unawezekana: ngano, shayiri, mtama na mchele wa kahawia kama msingi, ndengu zilizochemshwa, omena kidogo mara mbili au tatu kwa wiki, zikiwa zimelowekwa maji moto na kuoshwa mpaka mchanga uishe, bila chumvi, yai la kuchemsha kipande, sukuma wiki, karoti au brokoli kutoka kwa mama mboga kila siku, zimeoshwa. Githeri iliyoiva vizuri kabla ya kutiwa chumvi ni karamu.

Mahindi na njugu ndipo nisipokubali mzaha. Kuvu ya mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hutoa aflatoksini, sumu iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na ini la panya ni jepesi sana kuathirika nayo. Mahindi "mabovu kidogo" ambayo watu husema ni ya mifugo si ya panya wako. Punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi au inayonuka uvundo, tupa.

Panya hawezi kutapika, ndiyo maana huonja chakula kipya kidogo kidogo na kungoja. Kwa hiyo usimpe soda, siagi ya njugu nzito ya kumganda kooni, maharagwe mabichi, ganda au kokwa la parachichi, wala viazi vyenye rangi ya kijani. Ugali mkavu kidogo ni sawa, chapati yenye mafuta iwe nadra. Maji yawe kwenye chupa ya kuning'inizwa yenye kijibomba cha gololi, na ujaribu gololi kwa kidole kila asubuhi; hukwama.

Saba, kumzoesha

Siku mbili za kwanza muache. Kisha kijiko chenye uji mzito au maziwa lala mlangoni: kijiko hawezi kukichukua akakimbilia pangoni, lazima alambe palepale ulipo. Baadaye kiganja mahali pa kijiko. Mwinue kwa mikono miwili chini ya kifua na makalio. Usimshike mkia kamwe. Ngozi ya mkia huchubuka ikatoka nzima. Akisaga meno polepole huku macho yakitikisika kana kwamba yatatoka, usiite daktari. Amefurahi.

Nane, akiugua

Ugonjwa mkuu ni wa mapafu, mara nyingi bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis ambaye panya wengi huwa naye tangu kuzaliwa. Pumzi ya sauti, mgongo uliopinda, manyoya yaliyosimama, kula kidogo: mpeleke siku hiyohiyo, usingoje wikendi. Tafuta daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Wanyama, na umpigie kabla ya kwenda kuuliza kama hutibu wanyama wadogo hivyo. Usinunue antibiotiki agroveti ukakisia, na hasa ile sindano ya minyoo na kupe wa ng'ombe: kwa mnyama wa gramu 300 ni rahisi kuzidisha kipimo, na hiyo ni hatari.

Majike wakipita mwaka na nusu hupata uvimbe wa matiti mara nyingi, popote kati ya kwapa na nyonga. Ukigusa kitu kama gololi chini ya ngozi, mpeleke kikiwa kidogo, maana upasuaji wa uvimbe mdogo ni mwepesi. Madume wazee miguu ya nyuma hulegea. Hapo ondoa ghorofa za kizimba, teremsha chupa ya maji, na umsafishe chini ya mkia kwa kitambaa chenye maji vuguvugu.

Mmoja akifa na mwingine akabaki, usimletee mtoto mmoja wa kumliwaza. Mtoto atamsumbua mzee mchana na usiku. Leta wawili, wachezeane wenyewe, na mzee alale karibu nao akitaka.